Fungu, idhini na fedha taslimu: kuielewa mada ya hesabu za serikali

Mwanafunzi aliyezoea hesabu za biashara akifika kwenye mada ya hesabu za serikali huanza kutafuta faida. Haipo. Mfanyabiashara anatunza vitabu ili ajue amepata au amepoteza. Wizara inatunza vitabu ili ioneshe kwamba kila shilingi iliyotoka iliruhusiwa kutoka, kwa kazi iliyotajwa, na aliyeidhinisha anajulikana. Ukilishika hilo, majina mengi ya mada hii hayahitaji kukaririwa, kwa sababu karibu yote yanajibu swali lilelile: nani aliruhusu? Kosa linalowapotezea wengi maksi ni kudhani kwamba ruhusa ya kutumia fedha na fedha yenyewe ni kitu kimoja. Maelezo haya yanafuata utaratibu wa Tanzania.

Fedha huingia wapi

Ibara ya 135 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inataka mapato ya Serikali ya Muungano yaingie katika mfuko mmoja, yaani Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali. Kodi zinazokusanywa na Mamlaka ya Mapato (TRA) zinaelekea huko, na vivyo hivyo faini, ada za leseni na gawio la mashirika ya umma. Zinazobaki nje ni za aina mbili: fedha ambazo sheria imezitengea shughuli au mfuko maalumu, na zile ambazo sheria imeiruhusu taasisi iliyozikusanya ibaki nazo kwa matumizi yake.

Maduhuli ni mapato ambayo wizara au idara inayapata katika kazi zake, mbali na kodi: ada za vibali, kodi za pango la nyumba za serikali, mauzo ya nyaraka. Mhasibu anayeyapokea hana ruhusa ya kuchomoa humo akalipie umeme wa ofisi, hata kama umeshakatwa. Maduhuli yanapelekwa benki yalivyo, kisha fedha ya umeme inaombwa kwa njia yake. Huo si usumbufu wa bure. Ofisi ikikusanya na kutumia papo hapo, hakuna atakayejua baadaye ilipata kiasi gani wala ilitumia kiasi gani, maana kimoja kitakuwa kimemeza kingine kabla ya kuandikwa popote.

Sheria nne zenye majina ya kufanana

Fedha ikishaingia Mfuko Mkuu haitoki kienyeji. Ibara ya 136 inasema haitolewi ila kama Katiba yenyewe imeidhinisha au Bunge limeidhinisha kwa sheria. Sheria hiyo hutungwa kila mwaka nayo huitwa Sheria ya Matumizi. Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili, Waziri wa Fedha husoma hotuba ya bajeti mwezi Juni, na wabunge huitwa jina mmoja mmoja wakatamka kura zao hadharani. Yote hayo hufanyika ili mwaka wa fedha ukianza tarehe 1 Julai ruhusa iwe tayari.

Hapa ndipo wanafunzi huteleza, na si ajabu, kwa jinsi majina yanavyofanana. Sheria ya Matumizi ndiyo inayoruhusu kutumia. Sheria ya Fedha, ambayo nayo hupitishwa kila mwaka, inahusu kukusanya: kodi ipi ipande, ipi ishuke, ipi ifutwe. Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015 si ya mwaka mmoja. Inaweka utaratibu wa kuandaa, kupitisha na kusimamia bajeti yoyote ile. Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka 2001 nayo ni ya kudumu, na ndiyo inayoeleza madaraka na wajibu wa wanaoshika fedha hizo. Swali likikuuliza ni sheria gani inayompa serikali mamlaka ya kutoa fedha Mfuko Mkuu kwa mwaka husika, ukaandika Sheria ya Fedha, umekosa, hata kama maelezo yako mengine ni mazuri.

Je, Bunge likiikataa bajeti? Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja. Na kama mwaka umeanza Sheria ya Matumizi haijawa tayari, Ibara ya 139 imeweka njia ya kuidhinisha fedha za shughuli za lazima kwa muda usiozidi miezi minne.

Kuna matumizi ambayo hayasubiri kura ya kila mwaka kwa sababu Katiba imekwisha kuyaidhinisha moja kwa moja. Kulipa deni la taifa ni mojawapo. Mishahara ya majaji na ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ni mengine, na sababu yake inaeleweka: jaji ambaye mshahara wake unajadiliwa kila Juni atahukumu kesi ya serikali akiwa na woga.

Fungu, kifungu, kasma

Bunge haliidhinishi fedha kwa jumla tu na kuiachia serikali igawane. Linaidhinisha kwa mafungu. Fungu ni sehemu ya bajeti yenye namba yake, chini ya ofisi moja: Fungu 46 ni la wizara ya elimu, Fungu 52 la wizara ya afya, Fungu 45 la Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Ndani ya fungu kuna vifungu vinavyofuata idara, na ndani ya kifungu kuna kasma, mstari mmoja wa matumizi kama vile posho za safari au shajara, yaani vifaa vya kuandikia vya ofisi.

Mgawanyo huu una meno. Fedha iliyoidhinishwa kwa kasma moja haitumiki kwa nyingine kwa uamuzi wa ofisi peke yake. Ikibidi kuhamisha, panaombwa kibali kinachotambuliwa na sheria, na uhamisho unaandikwa. Ikiwa fungu zima halitoshi, serikali hurudi bungeni na makadirio ya nyongeza.

Mgawanyo mwingine ni kati ya matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo. Usipime kwa ukubwa wa fedha. Mishahara ya walimu wa nchi nzima ni fedha nyingi mno, lakini ni matumizi ya kawaida, kwa kuwa yanajirudia ili huduma iendelee. Kujenga darasa moja ni matumizi ya maendeleo, kwa kuwa kinabaki kitu cha kutumika miaka mingi. Kupaka rangi darasa lilelile baada ya miaka mitano kunarudi kwenye matumizi ya kawaida.

Kupitishiwa si kupewa

Tuseme Sheria ya Matumizi imepita na kasma ya shajara ya idara fulani imepata shilingi 12,000,000. Tarehe 1 Julai idara ina shilingi ngapi? Sifuri. Ilichonacho ni idhini, yaani kikomo cha kutumia.

Fedha hutolewa kwa awamu kulingana na makusanyo. Tangu katikati ya miaka ya 1990 Tanzania imefuata bajeti ya fedha taslimu: Hazina inatoa kile kilichokwisha kukusanywa, si kile kilichotarajiwa. Kabla fedha hazijatoka Mfuko Mkuu, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu anapaswa kujiridhisha kwamba matumizi yake yameidhinishwa. Hilo ndilo neno "mdhibiti" katika cheo chake. Wengi hulisahau, wakaeleza kazi ya ukaguzi tu na kupata nusu ya maksi. Kenya, katika Katiba yake ya mwaka 2010, iliamua kuzitenganisha kazi hizi: Msimamizi wa Bajeti anaidhinisha utoaji, Mkaguzi Mkuu anakagua. Tanzania zote ziko kwa mtu mmoja.

Sasa tuifuate ile kasma kwenye daftari la fungu, kitabu ambacho idara hutumia kujua imebakiwa na nafasi kiasi gani ya kutumia. Tarakimu ni za mfano tu.

Julai, idara inatoa LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa kwa mzabuni, ya karatasi na wino kwa shilingi 3,000,000. Hakuna kilicholipwa bado, lakini daftari linaandika ahadi ya 3,000,000 na salio linashuka hadi 9,000,000. Mwanafunzi wa hesabu za biashara hushangaa hapa, kwa sababu amefundishwa kwamba kuagiza tu hakuandikwi. Katika daftari la fungu kunaandikwa, maana lengo ni kuzuia ofisi isiahidi shilingi ileile kwa wazabuni wawili.

Agosti mzigo unafika na ankara inasema 2,850,000. Ahadi ya 3,000,000 inafutwa, matumizi halisi ya 2,850,000 yanaandikwa, na salio linapanda hadi 9,150,000. Ankara inalipwa. Septemba inatoka LPO nyingine ya 4,500,000. Salio: 4,650,000.

Kwa daftari hilo, idara iko salama. Lakini hadi mwisho wa Septemba Hazina imeipa kasma hiyo 5,000,000 tu. Toa 2,850,000 iliyolipwa, zimebaki 2,150,000 taslimu. Mzabuni wa pili akileta mzigo na ankara ya 4,500,000, zinapungua 2,350,000. Idara haijavuka idhini yake hata kwa shilingi moja, na bado inadaiwa. Madai ya wazabuni yanayosikika bungeni kila mwaka mengi huzaliwa hivyohivyo, na ndiyo sababu Hazina imekuwa ikisisitiza LPO zitolewe ndani ya mfumo wa malipo, si kwa kuandikwa kwa mkono pembeni. Swali la mtihani linaloleta daftari la fungu huishia mara nyingi kwenye hesabu ya salio. Ukiweza pia kueleza kwa nini salio hilo si fedha ya benki, umeielewa mada.

Mfano huohuo unaonesha udhaifu wa kuandika hesabu kwa msingi wa taslimu, yaani kutambua muamala pale tu fedha inapoingia au kutoka. Kwa msingi huo deni la mzabuni wa pili lisingeonekana popote kwenye hesabu za mwaka. Kuanzia mwaka wa fedha 2012/13 Tanzania ilianza kuhamia kwenye viwango vya kimataifa vya sekta ya umma vinavyotambua gharama ilipotokea, hata kama haijalipwa. Angalia usichanganye: utoaji wa fedha bado unafuata taslimu, uandishi wa hesabu ndio uliobadilika.

Anayejibu

Kila fungu lina Afisa Masuuli. Wizarani ni Katibu Mkuu, mkoani ni Katibu Tawala wa Mkoa, na katika halmashauri ni Mkurugenzi. Waziri siye, na jibu la "waziri" ni kosa la kawaida sana. Mhasibu Mkuu wa wizara naye siye, ingawa ndiye anayeshika vitabu. Afisa Masuuli anajibu kwa jina lake kuhusu fedha za fungu, na kusema "mhasibu hakuniambia" hakumwokoi.

Masurufu yanafaa kutajwa hapa kwa kuwa ndiyo yanayozaa hoja nyingi za ukaguzi. Ni fedha anayopewa mtumishi mapema kwa kazi maalumu, kwa mfano safari, kisha anatakiwa kuirejesha kwa stakabadhi pamoja na kiasi kilichobaki. Mpaka atakapofanya hivyo, vitabuni yeye ni mdaiwa wa serikali. Masurufu hayajawa matumizi.

Tarehe 30 Juni idhini ya mwaka inakoma. Bakaa, yaani fedha iliyobaki, haiwi akiba ya ofisi. Inarudi Mfuko Mkuu, isipokuwa pale taratibu zinaporuhusu kuomba kuendelea nayo. Huko ndiko inakotoka ile haraka ya manunuzi ya mwezi Juni ambayo kila mtumishi wa umma anaifahamu.

Baada ya hapo ndipo CAG huja na kofia ya pili, ya ukaguzi. Kwa Ibara ya 143 anapeleka taarifa kwa Rais, na Rais anaagiza iwasilishwe katika kikao cha kwanza cha Bunge kitakachofuata, kabla ya siku saba kupita tangu kikao kuanza. Bungeni taarifa za wizara na idara huchambuliwa na Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC), na za halmashauri na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC). Kamati hizi kwa desturi huongozwa na wabunge wa upinzani, jambo linaloeleweka, maana chama kinachotawala kisingejihoji kwa ukali huo.

CAG hutoa maoni ya aina nne: hati inayoridhisha, ambayo wengi huiita hati safi, hati yenye shaka, pale kasoro zinapohusu sehemu fulani tu ya hesabu, hati isiyoridhisha, pale kasoro zinapozipotosha hesabu kwa ujumla wake, na kushindwa kutoa maoni, pale mkaguzi asipopata vielelezo vya kumtosha. Magazeti husherehekea hati safi kana kwamba ni cheti cha uadilifu. Sicho. Hati safi inasema hesabu zimeonesha kwa haki hali ya fedha ya taasisi kwa kufuata viwango vya uhasibu. Halmashauri inaweza kununua kitu kwa bei ya kutisha, ikaandika bei hiyohiyo bila kuficha, na ikapata hati safi. Kama bei ilistahili ni swali la aina nyingine ya ukaguzi, ukaguzi wa ufanisi, unaouliza kama wananchi walipata thamani ya fedha yao.