Wimbi la Ghorofa Saba: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli Kuhusu Maya Gabeira

Kila ukifika msimu wake, kati ya Oktoba na Machi, video ileile huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: mnara wa taa juu ya genge, watu wamejazana kama siafu, na nyuma yao bahari imesimama wima. Kwenye ukuta huo wa maji kuna kidoa kinashuka kwa kasi. Chini yake mtu ameandika: "Tsunami! Tuombe sana."

Si tsunami. Hapo ni Praia do Norte, mji wa Nazaré, Ureno. Tsunami huzaliwa na mtikisiko wa sakafu ya bahari, kama ile ya Desemba 2004 iliyoanzia Sumatra ikafika hadi pwani za Somalia, Kenya na Tanzania. Mawimbi ya Nazaré ni ya upepo tu, yanayosukumwa na dhoruba za baridi za Atlantiki ya Kaskazini. Kinachoyafanya yawe majitu ni korongo lililo chini ya bahari, ambalo kina chake hufika karibu mita 5,000, na mdomo wake umesogea karibu kabisa na ufuko. Wimbi linalopita juu ya korongo haligusi chini, kwa hiyo halipunguzi mwendo. Linalopita kando, penye kina kifupi, linachelewa na kujikunja. Mbele ya genge hukutana, moja likampanda mwenzake.

Kidoa cha tarehe 11 Februari 2020 kilikuwa Maya Gabeira, mtelezaji wa mawimbi kwa ubao, Mbrazili mzaliwa wa Rio de Janeiro wa mwaka 1987. Wimbi lake lilipimwa mita 22.4, sawa na jengo la ghorofa saba hivi. Na hapo ndipo maneno huanza.

"Watu hawa hawaogopi kufa." Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, maana huwafanya waonekane kama walevi waliovuka barabara bila kutazama. Maya alikulia na pumu. Alianza kuteleza mawimbini akiwa binti wa shule, kisha kabla hajafikisha miaka 20 akahamia Hawaii, akawa anahudumia meza mgahawani ili apate kuishi karibu na mawimbi makubwa. Kazi yao kwa sehemu kubwa haina kamera: kuzoeza mapafu kukaa bila hewa, kusoma ramani za dhoruba siku kadhaa kabla haijafika, kurudia mazoezi ya uokoaji mpaka mikono ifanye yenyewe. Sisi husema ajali haina kinga. Wao wanashinda mwaka mzima wakiitafuta hiyo kinga.

Hata hivyo, ajali ilimfika. Tarehe 28 Oktoba 2013, hapohapo Nazaré, alishuka wimbi lenye matuta, mguu ukavunjika karibu na kifundo, akaanguka. Mawimbi yaliyofuata yakampitia juu mpaka akapoteza fahamu. Mwenzake, Carlos Burle, ndiye aliyempata na kumfikisha ufukweni, ambako walimkandamiza kifua mpaka akarudi. Baadaye siku hiyohiyo Burle alirudi majini akapanda wimbi kubwa yeye mwenyewe, na magazeti yakahamia huko.

"Ilitokea kwa sababu ni mwanamke." Hakuna aliyeisema kwa maneno hayo, lakini ndivyo wengi walivyosikia. Laird Hamilton, mkongwe wa Hawaii anayeheshimika mno katika mchezo huu, alisema kwenye televisheni kwamba Maya hakuwa na ujuzi wa kuingia bahari ya namna ile. Sasa angalia: wanaume waliookolewa wakiwa nusu maiti ni wengi, na hao huitwa majasiri. Maya alifanyiwa upasuaji wa mgongo mara tatu, kisha akahamia Nazaré kabisa, akaishi na wimbi lililotaka kumuua.

Januari 2018 akapanda wimbi la mita 20.7. Kumbe rekodi ya wanawake ya wimbi kubwa haikuwa hata na ukurasa wake Guinness, kitabu cha rekodi za dunia. Ilibidi aanzishe ombi mtandaoni, maelfu ya watu wakatia saini, ndipo Oktoba mwaka huo jina lake likaandikwa. Kupanda wimbi kulichukua sekunde, kutambuliwa kukachukua miezi tisa.

"Kuvutwa na pikipiki ya maji ni kudanganya." Wimbi la ukubwa huo lina kasi ambayo mikono ya binadamu haiifikii. Ndiyo maana mapema miaka ya 1990 Hamilton na wenzake wa Hawaii walianza kuvutana kwa kamba mpaka kasi ya wimbi ifikiwe.

"Wimbi kubwa zaidi ndilo linaloua." La hasha. Mark Foo, bingwa wa Hawaii, alifariki Maverick's, California, Desemba 1994, kwenye wimbi ambalo wenzake hawakuliona la kutisha. Hatari iko chini: kugonga mwamba, kamba ya ubao kunasa, au kubanwa na maji mpaka wimbi la pili likukute hujavuta pumzi. Kati ya wimbi na wimbi huwa na sekunde 15 hadi 20 tu. Mtelezaji mwingine, Shane Dorian, alibanwa hivyo palepale Maverick's mwaka 2010, akatoka na wazo la jaketi linalojaa gesi ukivuta kamba. Leo ni nadra kumwona mtu Nazaré bila jaketi kama hilo.

"Rekodi ni ya mtu mmoja." Siku ile ya Februari 2020, Mfaransa Justine Dupont naye alipanda wimbi ambalo baada ya wanasayansi kuzipima picha lilipungukiwa na la Maya kwa chini ya mita moja. Kilele huonekana wazi. Kazi ni kukubaliana kitako cha wimbi kinaanzia wapi. Halafu kuna aliyeendesha pikipiki ya maji, akachagua wimbi lipi la kumwingiza Maya na wakati gani wa kumwachia. Huyo alikuwa Mjerumani Sebastian Steudtner. Miezi minane baadaye, tarehe 29 Oktoba 2020, alishika yeye upande wa pili wa kamba, akateremka wimbi la mita 26.21 palepale.