Je, Wajua? Kwa Nini Rais wa Kenya Akitamka Jambo, Bado Lazima Aliandike

Jumatano tarehe 26 Juni 2024, Rais William Ruto alisimama mbele ya kamera katika Ikulu ya Nairobi akasema hatautia sahihi Mswada wa Fedha wa mwaka huo, uliokuwa na kodi mpya. Siku moja kabla, Bunge lilikuwa limeupitisha, vijana waliokuwa wakiupinga wakaingia hadi ndani ya majengo ya Bunge, na watu wakauawa kwa risasi. Nchi nzima ilimsikia Rais. Hata hivyo, hotuba haijapoa, swali likaanza kuzunguka kwenye simu za Wakenya: amesema hatatia sahihi, sawa, lakini je, ameandika?

Lilikuwa swali la watu walioisoma Katiba yao. Kifungu cha 115 kinampa Rais siku 14 tangu apokee mswada. Katika siku hizo ana njia mbili tu: autie sahihi, au aurudishe Bungeni akieleza ni wapi hakuridhika. Njia ya tatu, ya kuuacha mezani na kunyamaza, haipo. Siku 14 zikipita bila hili wala lile, mswada huhesabiwa kuwa umeidhinishwa. Yaani Rais angehutubia taifa asubuhi na jioni kwa wiki mbili akisema hautaki mswada ule, asimwandikie Spika neno, kodi zile zingekuwa sheria. Kilichouzuia ni waraka aliotuma Bungeni akipendekeza kila kifungu cha mswada kifutwe.

Jambo hili halihusu miswada pekee. Kifungu cha 135 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba uamuzi wa Rais katika kazi yoyote aliyokabidhiwa na Katiba lazima uwe wa maandishi, wenye sahihi yake na muhuri. Ni sentensi moja, na wengi huipita wakikimbilia sura ya haki za binadamu. Kwangu mimi ni miongoni mwa sentensi zenye historia nzito zaidi katika kitabu kile, kwa sababu iliandikwa na watu waliokuwa wameishi bila hiyo.

Waliokuwa na umri wa kusikiliza redio enzi za Daniel arap Moi, aliyetawala kuanzia 1978 hadi 2002, wanayakumbuka matamko ya barabarani. Msafara unasimama sokoni, Rais anainuka kupitia paa la gari, anashika kipaza sauti, na hapo hapo jambo la serikali linaamuliwa. Taarifa ya habari ya Sauti ya Kenya, ambayo baadaye ilirudi kuitwa KBC, yaani Shirika la Utangazaji la Kenya, ilifunguliwa kwa maneno "Mtukufu Rais", hata kama siku hiyo kulikuwa na habari kubwa kuliko ziara yake. Na taarifa ya saa saba mchana ilikuwa na sifa yake: mawaziri na wakuu wa mashirika ya umma waliisikiliza kwa wasiwasi, maana wapo waliojua kupitia hapo kwamba hawana kazi tena.

Kwa nini hakuna aliyedai karatasi? Kwa sababu sheria ya wakati ule haikumpa mtu pa kusimamia. Katiba ya zamani, katika kifungu chake cha 25, ilisema watumishi wa umma wanashika nyadhifa zao kwa ridhaa ya Rais. Mwaka 1988 Bunge liliondoa hata ulinzi wa majaji kazini, ukaja kurudishwa mwaka 1990. Mtu ambaye ajira yake inategemea ridhaa ya msemaji hamuulizi msemaji huyo ameandika wapi.

Si kwamba kila tamko lilikuwa baya. Maziwa ya Nyayo, ambayo watoto wa shule za msingi walianza kugawiwa bure mwaka 1979, yalitokana na neno la Rais, na kuna kizazi kizima ambacho hadi leo kinazikumbuka pakiti zile. Lakini kinacholetwa na mdomo mmoja kinaweza kwenda vilevile. Mpango ulipofifia miaka ya 1990, hakuna mzazi aliyekuwa na sheria ya kushika mkononi na kusema, mtoto wangu anadai.

Hata enzi hizo kulikuwa na mambo yaliyolishinda tamko. Desemba 1991, huko Kasarani, Moi aliwaambia wajumbe wa KANU, chama tawala cha wakati huo, kwamba kifungu cha 2A cha Katiba, kilichokuwa kimeifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja tangu 1982, kiondolewe. Wajumbe wakakubali. Lakini vyama vingine havikuruhusiwa kwa tangazo lile, iliwabidi wabunge wakutane mwezi huo huo na kukifuta rasmi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sisi wasomaji wa Kiswahili hatuna budi kulitazama vizuri. Kwenye sherehe za kitaifa, Madaraka, Mashujaa au Jamhuri, marais wa Kenya wamekuwa na desturi ya kutoa hotuba mbili kwenye jukwaa moja. Kwanza inasomwa ya Kiingereza, iliyoandaliwa na kupitiwa na maofisa. Halafu karatasi inawekwa kando na Rais anaongea na watu kwa Kiswahili, bila kusoma. Hapo ndipo uwanja unapoamka. Hapo ndipo hutoka ahadi, karipio, kejeli kwa wapinzani, na mara nyingine agizo ambalo halimo kabisa kwenye hotuba iliyochapwa. Mwananchi wa kawaida hurudi nyumbani na hii hotuba ya pili. Karatasi inayofunga serikali, yaani ile yenye sahihi na muhuri, hubaki katika Kiingereza. Mimi huona huu ni mgawanyo unaoumiza: wengi hupokea neno, wachache hupokea maandishi.

Tangu 2010, mahakama zimekuwa zikikumbusha kwamba tangazo la Rais pekee halitoshi. Januari 2011, Ikulu ya Mwai Kibaki, Rais wa wakati huo, ilitangaza majina ya waliopendekezwa kuwa Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mahakama Kuu ikasema utaratibu wa Katiba haukufuatwa, Spika wa Bunge Kenneth Marende naye akayakataa, na Februari Kibaki akayaondoa. Miaka 12 baadaye, Julai 2023, Rais Ruto akiwa katika ibada huko Molo alitangaza kuondolewa kwa marufuku ya kukata miti iliyokuwapo tangu 2018. Wanasheria wakaenda mahakamani, na kabla ya mwaka kwisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaubatilisha uamuzi huo, kwa kuwa wananchi hawakuwa wameshirikishwa.

Je, basi kauli ya Rais ni upepo mtupu? La. Katiba yenyewe inamtaka azungumze: kifungu cha 132 kinamwagiza alihutubie Bunge kila mwaka katika kikao maalumu, na aeleze hatua zilizochukuliwa kutimiza maadili ya kitaifa. Na katika maisha ya kila siku, neno lake huwafikia chifu na polisi haraka kuliko waraka wowote, nao huweza kulitekeleza kabla hakimu hajaliona. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu nyumba iliyobomolewa kwa tamko haijengwi upya na hukumu inayotoka miezi kadhaa baadaye.

Kwa hiyo ukisikia tangazo, pa kulitafuta ni kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, linalochapishwa tangu 1899. Kwa kawaida hutoka Ijumaa, na likihitajika haraka hutolewa toleo maalumu. Hata likizo ya ghafla inayotangazwa jukwaani huhitaji arifa ya waziri ndani ya gazeti hilo kabla mwajiri hajabanwa nayo. Na zile picha tunazoziona za Rais akitia sahihi mswada huku wabunge wakipiga makofi nyuma yake zisikuchanganye na tarehe: baada ya sahihi ile, mswada huchapishwa kuwa sheria katika muda wa siku 7, kisha huanza kutumika siku ya 14 tangu kuchapishwa, isipokuwa kama sheria yenyewe imetaja siku nyingine.