Pumzi, chakula na kichwa kinachouma: maswali ya wanaopanda Kilimanjaro

Nyumbani nakimbia vizuri. Mbona mlimani pumzi inakata mapema?
Hewa ya juu ni nyepesi. Kileleni Uhuru, mita 5,895, kila pumzi inakupa takriban nusu ya oksijeni unayoipata Dar es Salaam.

Mazoezi ya kupumua yanasaidia?
Kiasi. Vuta hewa kwa pua hadi tumbo lijae, itoe taratibu midomo ikiwa imebanwa. Fanya kila siku, wiki kadhaa kabla ya safari. Misuli ya pumzi itapata nguvu, ila ugonjwa wa mwinuko, yaani kuugua kwa kukosa oksijeni ya kutosha huko juu, hauzuiliwi hivyo. Mwili huzoea kwa siku kadhaa. Njia ya Marangu unalala Mandara (2,720), kisha Horombo (3,720), kisha Kibo (4,720): mita elfu kila siku, wakati ushauri wa kitabibu ni kutozidisha 500 ukishapita 3,000. Ongeza siku Horombo. Wanaoikata siku hiyo ili kubana pesa ndio tunaowapokea wakiwa wamebebwa.

Nile nini?
Wanga kwa wingi: uji, wali, viazi, mtori. Hamu ya kula hupotea huko, kwa hiyo kula kidogo kidogo. Wiki za maandalizi, kula maharage, mchicha na nyama upate madini ya chuma. Chai usiinywe pamoja na mlo, inayazuia. Pombe na dawa za usingizi, acha kabisa.

Kichwa kinauma, nimetapika. Nimeze panadoli niendelee?
Hapana. Panadoli inatuliza maumivu, haiondoi ugonjwa. Baki hapo ulipo. Usipopata nafuu, au ukizidiwa, shuka.

Lakini niko fiti.
Shuka. Wenye nguvu ndio wanaopanda haraka kuliko mwili unavyozoea.

Kilele nakiona kabisa!
Shuka! Mlima hauhami. Anayeyumba kama mlevi, anayeongea ovyo, anayehema akiwa amekaa au kukohoa povu la pinki, ateremshwe saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Ubongo umevimba au mapafu yanajaa maji. Oksijeni apewe huku mnateremka, msikae kuisubiri.

Na wagumu wanaobeba mizigo? Si wamezoea?
Kuzaliwa Moshi si kinga. Wengi wanaficha dalili wakihofia kukosa malipo, na kiongozi anajua. Mgumu akiugua mpunguzieni mzigo, mteremsheni, na kamwe asishuke peke yake.