Upinzani uliogawanyika maana yake nini, tukiangalia Uganda yetu

Kila uchaguzi ukiisha hapa kwetu maneno ni yaleyale, iwe stejini kwa boda boda, kwa kinyozi au kwenye magrupu ya WhatsApp: wapinzani wangeungana wangeshinda. Watu wanayasema kwa uhakika kabisa, na mi naona yana ukweli ndani yake ila ukweli wenyewe uko sehemu tofauti na pale wengi wanapoutafuta.

Tuanze na maana. Upinzani unasemwa umegawanyika pale vyama au makundi yanayotaka kumtoa aliyeko madarakani yanakuwa na lengo moja lakini kila mmoja na mgombea wake, kila mmoja na mipango yake, na nguvu nyingi zinaishia kupigana wenyewe kwa wenyewe. Kuwa na vyama vingi tu sio mgawanyiko. Chama cha DP kipo tangu 1954, UPC tangu 1960, hawa wana historia zao na watu wao, hakuna ubaya. Shida inaanza wakisimama watu watatu jimbo moja wakigombania wapiga kura walewale.

Sasa hapo kwenye jimbo ndo mgawanyiko unauma kwelikweli. Mbunge wetu anashinda kwa kupata kura nyingi kuliko wenzake, basi, hatakiwi kufika nusu. Chukulia jimbo lina kura 10,000, wa chama tawala akipata 4,000, mpinzani wa kwanza 3,500 na wa pili 2,500, anaingia bungeni yule wa 4,000 wakati watu 6,000 hawakumtaka. Hiyo ndo kugawana kura, na kwenye ubunge na viti vya LC5, yaani wenyeviti wa wilaya, inawaumiza wapinzani kila mara.

Lakini urais ni kitu kingine. Katiba inataka mshindi apate zaidi ya asilimia 50, asipofika wawili wa juu wanarudi duru ya pili. Kwa hiyo wapinzani hata wakiwa kumi kwenye karatasi hawawezi kumpa Museveni ushindi kwa kugawana tu. Angalia matokeo ya Tume ya Uchaguzi: 2021 Museveni asilimia 58, Bobi Wine wa chama cha NUP 35, wengine wote makombo. 2016 Besigye wa chama cha FDC alipata 35 na Amama Mbabazi, ambaye alitoka kuwa waziri mkuu na watu walimtegemea sana, akaambulia moja na kitu. Januari 2026 Museveni katangazwa na zaidi ya 71, Bobi Wine kama 24. Ukijumlisha wapinzani wote mwaka wowote kati ya hiyo, kwa namba zilizotangazwa, hawafiki nusu. Wapinzani wenyewe wanazikataa hizo namba na wana sababu, maana Mahakama ya Juu 2001 na 2006 ilikubali kulikuwa na kasoro, ila majaji wengi wakasema hazitoshi kufuta matokeo.

Alafu kuungana nako kunaweza kukupotezea kura, hii watu huwa wanaisahau. 1996 Paul Ssemogerere wa DP alishirikiana na watu wa UPC, kwa hesabu za karatasi ni vyama vikubwa viwili vya zamani vimekutana, lakini Buganda ilikuwa bado na kidonda cha Obote, yule rais wa zamani wa UPC, na vita vya Luwero vya enzi zake, na kampeni ya upande wa pili ikawakumbusha mafuvu ya Luwero kila siku. Akaishia asilimia 20 na kitu. Muungano ambao mpiga kura hauelewi au unamtisha hauongezi kitu.

Baada ya hapo walijaribu tena. Muungano wa IPC ulianza 2008 ukiwa na FDC, UPC na wengine, UPC ikatoka kabla ya kura, Besigye akapata 26 mwaka 2011. Muungano mwingine, TDA, 2015 ukakwama palepale tu, kati ya Besigye na Mbabazi nani ampishe mwenzake.

Mimi kinachoniuma zaidi ni kile mwananchi anachokiona katikati ya chaguzi. FDC iliyozaliwa 2004 kwa kuunganisha makundi, kiongozi wake mmoja Muntu katoka 2018 akaanzisha chama cha ANT, 2023 wamegawanyika tena makundi mawili yanayoitwa kwa ofisi zao, wa Najjanankumbi na wa Katonga, wakilaumiana kuhusu hela, hao wa Katonga sasa ni chama cha PFF. NUP nayo, Mpuuga aliyekuwa kiongozi wa upinzani bungeni katoka akaanzisha chama chake. Mao, kiongozi wa DP, kasaini makubaliano na NRM, chama tawala cha Museveni, 2022 na kupewa uwaziri wa sheria. Sasa mama anayeuza nyanya soko la Owino Kampala, au kijana wa Mbale aliyekupa kura yake na akapigwa mabomu ya machozi kwa ajili yako, anaelewaje? Wengi hawahamii NRM, wanakaa nyumbani. 1996 waliojitokeza kupiga kura walizidi asilimia 70, 2021 kama 57, 2026 kama 52. Sababu ziko nyingi, woga ukiwemo, maana Novemba 2020 waliuawa watu zaidi ya 50 kwenye vurugu baada ya Bobi Wine kukamatwa, na Besigye alikamatwa Nairobi 2024 akawekwa mahabusu, huwezi kuwalaumu wapinzani kana kwamba uwanja ni sawa. Lakini kukata tamaa na viongozi nako kupo, na hilo halikuletwa na polisi.

Na nchi yenyewe wanaigawana kwa mikoa. 2006 Besigye aliongoza Acholi, Lango na Teso lakini Buganda kwa ujumla ilibaki kwa Museveni. 2021 Bobi Wine akaibeba Buganda, huku Lango na Teso Museveni akiongoza. Zile sehemu mbili, Buganda na huko Lango na Teso, hazijawahi kukutana kwenye sanduku moja mwaka mmoja, na mgombea mmoja tu hatoshi kuzikutanisha kama kule Lira, Lango, hakuna anayemjua wala anayemsemea.

Faida kubwa ya kuungana kwa urais ni mawakala. 2021 vituo vilikuwa 34,684, 2026 vikazidi 50,000. Kila kituo kinahitaji mtu wa kuaminika akae mpaka kura zihesabiwe, ahakikishe fomu ya DR, ile ya kutangaza matokeo ya kituo, imesainiwa, aondoke na nakala yake, na wawe wawili kama inawezekana maana mmoja anaweza kukamatwa au kununuliwa. Hakuna chama cha upinzani chenye watu hao Karamoja, Ankole na West Nile kwa mpigo. PFF wana watu sehemu kadhaa, UPC wana Lango, NUP wana Buganda na Busoga, na bila hizo fomu huwezi kwenda mahakamani kusema umeibiwa kituo gani. Hilo linaweza kupangwa hata kama wameshindwa kukubaliana mgombea, mazungumzo yake ni mepesi kuliko ya nani awe rais, na muda wake ni sasa, miaka mitano kabla ya 2031, sio miezi ya mwisho kama TDA.