Elimu kwa umma: Waebrania wa kale, Mungu mmoja na "taifa teule"

Maswali yanayofika dawati letu kuhusu Waebrania wa kale yameongezeka, na mengi yanatokana na klipu zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Moja inadai Musa alinakili dini ya Farao Akhenaten. Nyingine inadai imani katika Mungu mmoja ilibuniwa kwenye mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Nikea mwaka 325. Ya tatu, ambayo ndiyo inayoleta ugomvi, inalitumia neno "taifa teule" kana kwamba ni cheti cha ubora wa damu. Makala hii haihukumu imani ya mtu yeyote, awe wa sinagogi, kanisa au msikiti. Hilo liko nje ya mamlaka yetu. Tunaeleza maandishi ya kale yanasema nini na yanasomwa vipi.

La Nikea linamalizika haraka. Mtaguso ule ulibishania uhusiano wa Mwana na Baba. Tamko kwamba hakuna mungu mwingine liko Isaya 45:5, na wasomi wengi wanaiweka sehemu hiyo ya kitabu karne ya 6 KK. Ni aya fupi, na ingefaa isomwe kabla ya kubonyeza "sambaza".

Akhenaten anahitaji maelezo kidogo. Alitawala Misri karne ya 14 KK, akamtukuza Aten, yaani diski ya jua, na kufuta jina la Amun, mungu mkuu wa Misri, kwenye kuta. Alipokufa mji wake ukahamwa na dini yake ikafutwa. Jina la Israeli linaonekana kwa uhakika mara ya kwanza kwenye jiwe la Farao Merneptah, la takriban mwaka 1208 KK, alilolipata mwanaakiolojia Flinders Petrie mwaka 1896. Limeandikwa kwa alama ya kundi la watu, si ya nchi. Pengo kati ya wafalme hao wawili linazidi karne moja. Zaidi ya hapo, kwa karne nyingi baada ya Merneptah, Waisraeli wenyewe walikuwa bado na miungu mingine pembeni. Aliyenakili dini ya mungu mmoja asingechukua miaka mia kadhaa kuanza kuifuata.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba wazo la taifa teule lilitangulia imani ya Mungu mmoja tu. Angalia jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, la takriban mwaka 840 KK. Lilionekana Dhiban, Jordan, mwaka 1868, likavunjwa vipande kabla ya kununuliwa, na sehemu zilizopotea zinasomeka leo kwa sababu nakala ya karatasi ilikuwa imeshagandamizwa juu yake. Mesha anasema mungu wake Kemoshi aliikasirikia nchi yake, ndiyo maana Omri, mfalme wa Israeli, akaitesa Moabu. Kisha Kemoshi akamwamuru autwae mji wa Nebo. Anadai aliua watu 7,000 na kuvikokota vyombo vya Yahwe, Mungu wa Israeli, mbele ya Kemoshi. Badilisha majina, na unakuwa umesoma ukurasa wa vitabu vya Wafalme. Kila taifa lilikuwa na mungu wake, na kila mungu na watu wake.

Kumbukumbu la Torati 32:8-9 imehifadhi fikra hiyo hiyo. Gombo moja la Qumran, mahali karibu na Bahari ya Chumvi palipopatikana nakala za kale za Biblia, linasema Aliye Juu aliweka mipaka ya mataifa kwa hesabu ya wana wa Mungu, na fungu la Yahwe likawa Yakobo. Maandishi ya Kimasoreti, yaani nakala ya Kiebrania iliyohifadhiwa na wanazuoni wa Kiyahudi na inayofuatwa na Biblia nyingi, yana "wana wa Israeli". Hapo, kuteuliwa ni kugawiwa, wala hakuhitaji miungu mingine isiwepo.

Ibada nayo ilikuwa hivyo. Kuntillet Ajrud, jangwani Sinai, mwanaakiolojia Ze'ev Meshel alichimba mwaka 1975 na 1976 na kupata mitungi mikubwa yenye baraka kwa "Yahwe wa Samaria na Ashera wake". Wasomi hawajaafikiana kama Ashera huyo ni mungu wa kike au nguzo ya ibada, kwa hiyo wanaotangaza "mke wa Mungu amepatikana" wapunguze mwendo.

Shinikizo la kumtii mmoja tu lilitoka Ashuru, dola iliyokuwa ikizitawala nchi nyingi za eneo hilo. Mwaka 672 KK mfalme Esarhaddon aliwaapisha watawala waliokuwa chini yake wawe watiifu kwa mrithi wake Ashurbanipal. Nakala moja ya kiapo hicho ilichimbuliwa Tell Tayinat, Uturuki, mwaka 2009. Masharti ni ya kina: umpende kama nafsi yako, ukisikia maneno ya uasi, hata kwa ndugu, mwana au binti yako, usiyafiche. Adhabu zimepangwa moja baada ya nyingine, ikiwemo ardhi kuwa chuma na mbingu za shaba zisizotoa mvua. Sasa soma Kumbukumbu la Torati sura ya 13, halafu 28:23. Muundo ni ule ule, ila anayedai utii wote sasa ni Yahwe. Ni katika mazingira hayo ambapo Mfalme Yosia wa Yuda, takriban mwaka 622 KK, alitoa Ashera hekaluni na kuiteketeza kwenye bonde la Kidroni.

Kisha Yerusalemu ikaanguka mikononi mwa Babeli mwaka 586 KK. Kwa mantiki ya Mesha kulikuwa na majibu mawili: Marduk, mungu mkuu wa Babeli, amemshinda Yahwe, au Yahwe amewakasirikia watu wake. Waandishi wa uhamishoni walishika la pili, wakalifikisha mwisho wake: anayeituma Babeli kuadhibu, kisha anamtuma Koreshi, mfalme wa Uajemi, kuokoa, hawezi kuwa mungu wa taifa moja. Silinda ya Koreshi, bomba la udongo lenye maandishi lililopatikana Babeli mwaka 1879, inasema Marduk ndiye aliyemchagua mfalme huyo. Isaya 45 inasema ni Yahwe, na inaongeza jambo ambalo silinda haina: miungu wengine hawapo.

Si wote waliofika huko kwa pamoja. Kisiwani Elephantine, Aswan nchini Misri, orodha ya michango ya Wayahudi ya takriban mwaka 400 KK ilitoza shekeli 2 za fedha kwa kila mtu. Mgawanyo wake (karshi moja ni shekeli 10): Yahu, yaani Yahwe, karshi 12 na shekeli 6, na miungu wengine wawili, Eshembethel karshi 7 na Anatbethel karshi 12.

Mungu akibaki mmoja, uteule unageuka kuwa swali: kwa nini hawa? Kumbukumbu la Torati 7:7 inakana kwamba ni kwa wingi wao. Amosi 3:2 inaufanya kuwa sababu ya kuadhibiwa, na 9:7 inawaweka Waisraeli sawa na Wakushi, watu wa kusini mwa Misri. Ezra 9 inazungumzia "mbegu takatifu", ndiyo, lakini kitabu cha Ruthu kinamfanya mama wa babu yake Daudi kuwa Mmoabu. Anayenukuu upande mmoja tu anajua anachofanya.

Mwisho, kwa mahujaji wanaotuletea "mawe ya hekalu". Sheria ya Israeli ya mwaka 1978 inahesabu kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1700 kuwa cha kale. Ukikiokota, unatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 15. Ukikinunua, muuzaji awe na leseni, na kukitoa nchini kunahitaji kibali cha maandishi. Kukiuka kunaweza kuleta faini au kifungo. Kumbuka pia kwamba hata makumbusho hudanganywa: komamanga la pembe lenye maandishi ya hekalu lilinunuliwa mwaka 1988 kwa dola 550,000, na mwaka 2004 jopo la wataalamu likatangaza kwamba pembe ni ya kale lakini maandishi ni ya kughushi, kwa kuwa herufi zilisimama kabla ya kugusa ufa wa zamani, yaani aliyeziandika aliukwepa ufa uliokuwepo tayari.

Anayetaka maoni kuhusu kitu chake alete picha za pande zote, rula ikiwa kando ya kitu, pamoja na risiti na kibali. Usikisafishe wala kukipaka mafuta, maana ukoga wa juu ndio unaopimwa. Bei hatukadirii.