Wanaosali kwa Kiswahili kabla ya kukizungumza

Ninafundisha Kiswahili kwa wamisionari wapya katika chuo cha lugha kilicho kanda ya Ziwa Viktoria, na wengi wa wanafunzi wangu ni mafrateri, yaani vijana wanaosomea upadre, na masista ambao bado wako katika malezi ya kitawa: Wapolandi, Wahindi, Wavietinamu, Wakorea, na siku hizi Wanigeria pia. Kozi ya kwanza huchukua miezi minne hivi, kisha hupelekwa parokiani. Ninataka kueleza jambo moja ambalo wakubwa wa mashirika ya kitawa hulikosea mara kwa mara wanapopima maendeleo ya vijana wao, kwani huwasikia wakisoma masomo ya misa bila kukwama, wakaamini kwamba lugha wameipata.

Lugha ya ibada hutangulia kukaa kinywani, na sababu zake ni za wazi. Imeandikwa, haibadiliki, hurudiwa kila siku kwa sauti na watu wengi kwa pamoja, na maana yake mwanafunzi ameshaijua tangu kwao. Maandishi ya Kiswahili nayo humsaidia, maana kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa, na mkazo hukaa karibu siku zote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana frateri aliyefika baada ya Noeli anaweza kuongoza rozari kabla Kwaresima haijakwisha. Mpeleke huyohuyo gengeni akanunue fungu la nyanya, mama muuzaji amwambie kwamba za jana anampunguzia lakini za leo bei yake ndiyo hiyo, utamwona anatoa noti kubwa na kunyamaza.

Tatizo hili kwa sura yake ya sasa si la zamani sana. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, kufungua mlango wa lugha za watu katika liturujia mwaka 1963, misa ilisomwa kwa Kilatini, kwa hiyo padre mgeni alihitaji Kiswahili kwa yale hasa ambayo hayakuwamo ndani ya misale, kitabu cha sala za misa: kufundisha katekisimu, kuhubiri, kuungamisha, kusuluhisha ndoa, kuzungumza na wazee juu ya kiwanja cha shule. Asiyejua lugha alijulikana mara moja. Misa ilipokuja kwa Kiswahili waumini walipata haki yao, na hilo silipingi hata kidogo, lakini mmisionari mgeni alipata pia mahali pa kujificha.

Kati ya wamisionari Waprotestanti wa karne ya 19 kuna mifano miwili ambayo huwa nawaeleza wanafunzi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alifika Unguja mwaka 1864, na pamoja na kazi ya kutafsiri Maandiko alikusanya hadithi kama zilivyosimuliwa na wenyeji wenyewe, akazichapisha mwaka 1870, mwaka uleule alipotoa kitabu chake cha sarufi. Agano Jipya kamili lilikuja baadaye. Krapf namheshimu kwa ujasiri wake, tena alikuwa na faida ya kujua Kiarabu, ila kwa mwanafunzi wa kawaida napendekeza njia ya Steere, yaani kuwasikiliza watu wakisimulia mambo yao kabla ya kuwawekea maneno yako mdomoni.

Hata hivyo sala zilizokwisha kukaririwa ni mali, na ni upotevu kuziacha zilale. Mwanafunzi anayesema “jina lako litukuzwe, ufalme wako ufike” anabeba kichwani sarufi ambayo vitabu huifikia mwishoni kabisa, isipokuwa hajui kuwa anayo. Kazi yangu ni kuifungua. Tunaanza na “litukuzwe”: kile kiambishi “li” kimekuja kwa sababu ya “jina”, “w” inaonyesha kwamba jina linatendewa, na “e” ya mwisho inabeba ombi. Tukishaelewana hapo tunatoka kanisani na kuingia jikoni: dirisha lifunguliwe, jiko liwashwe, uji upozwe, ugali usongwe. Kisha tunafika kwenye “waliotukosea”, ambako ndani ya neno moja wamo watendaji, wakati, urejeshi na watendewa, na kila mmoja ananitungia maneno ya namna hiyo kuhusu watu wa mtaani kwake: waliotutembelea, waliotukopesha, waliotupikia. Nimeona somo hili likifungua zaidi kuliko majedwali ya ngeli, ambayo wanafunzi wenye shahada za teolojia huyapenda mno kwa kuwa yanawaruhusu kusoma badala ya kusema.

Kipimo halisi ni sakramenti ya kitubio. Pale maneno ya padre yamepangwa, ya muumini hayakupangwa, na mara nyingi husemwa kwa sauti ya chini na mtu mwenye haya. Frateri aliyejifunza orodha ya dhambi kutoka kwenye katekisimu, akishapewa upadre na kuanza kuungamisha, hungojea asikie wizi, uzinzi, masengenyo. Mbele yake bibi anasema kwamba ulimi umemponza, au kwamba yeye na mkwe wake hawachekeani tangu mavuno, au kwamba kuna kitu cha watu kimekaa kwake muda mrefu. Asipoyaelewa atampa malipizi yasiyohusiana na chochote alichoambiwa, na bibi hatamsahihisha, bali mwezi ujao atapanga foleni kwa padre mwingine. Kwa hiyo katika mwezi wa tatu huwa namwalika katekista mstaafu aje darasani, akae akimpa mwanafunzi kisogo, aeleze kwa sauti ya chini shida ya kubuni iliyofungwa kwa lugha ya kuzunguka namna hiyo, na mwanafunzi anaruhusiwa kuuliza mara moja tu. Zoezi hili hawalipendi, hasa wale wanaosoma vizuri.

Salamu nazo zina mtego wake. Wanafunzi hufundishwa kwamba “shikamoo” hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, halafu wanakutana na mzee wa miaka 70 anayemwamkia padre kijana “Shikamoo, Padre” kwa heshima ya daraja lake. Wengi hukimbilia “Tumsifu Yesu Kristo”, ambayo haiulizi umri wa mtu, na hapo wamejificha tena. Ushauri wangu ni rahisi: mwamkie mzee kabla hajakuwahi.

Kuhusu lugha ya pili, kwa maana frateri anayepangiwa Usukumani au kwa Wakurya atatakiwa kujifunza lugha ya huko pia, sishauri aianze mara tu anaposhuka kwenye basi. Aanze atakapoweza kukaa na jumuiya ndogo ndogo jioni nzima, kusoma injili kukiwa kumekwisha na watu wamehamia kwenye mchango wa msiba na mbuzi aliyeingia shambani kwa mtu, na kesho yake akamweleza paroko walichokubaliana na nani hakuridhika. Paroko naye asimpandishe mimbarini kabla ya hapo. Mahubiri yake ya kwanza ayaandike, na mwenye kuyasahihisha awe katekista wa kigango, yaani wa kanisa dogo lililo chini ya parokia, badala ya mwalimu wa chuo, kwa sababu mimi nitasahihisha ngeli, ila katekista ndiye anayejua kwamba mfano wa mkopeshaji hautolewi Jumapili hii, maana aliyekopesha na aliyekopa wote watakuwa wamekaa benchi la mbele.