"Maskini mnao siku zote" na visingizio vingine

Kamati ya kanisa ikikaa kupanga bajeti, hakosekani wa kunyoosha mkono: "Lakini Yesu mwenyewe alisema maskini mnao siku zote." Basi fungu la maskini linapunguzwa na zulia la madhabahuni linanunuliwa. Nimeratibu diakonia, huduma ya kanisa kwa wahitaji, miaka mingi na hoja hii imenichosha, hasa kwa kuwa anayeitoa huishia katikati ya mstari.

Marko 14:7 inaendelea: "na kila mpendapo mwaweza kuwatendea mema." Tena maneno hayo yanarudia Kumbukumbu la Torati 15:11, ambako Musa anasema maskini hawatakoma katika nchi, kwa hiyo mfumbulie mkono ndugu yako. Pale, kudumu kwa umaskini ndiko kunakodai utoaji. Sisi tumekufanya kisingizio cha kubana. Soma sura nzima. Inaamuru madeni yaachiliwe kila mwaka wa 7, na inamkemea anayemnyima mhitaji mkopo kwa sababu tu mwaka wa maachilio umekaribia. Torati ilizijua hila zetu mapema.

Angalia pia yalikosemwa. Mwanamke alimmiminia Yesu marhamu ya thamani, na waliokuwapo wakanung'unika kwamba ingeuzwa wapewe maskini. Marhamu ile ya dinari zaidi ya 300, karibu ujira wa mwaka mzima wa kibarua, ilimwagwa Bethania nyumbani kwa Simoni mwenye ukoma. Maneno yaliyotoka kwenye meza ya mtu wa namna hiyo ndiyo leo yanamfungia mhitaji mlango! Naye Yohana, akisimulia upako wa Bethania, anasema aliyejidai kuwatetea maskini alikuwa Yuda, mshika mfuko aliyekuwa akiuiba. (Ndiyo maana nashikilia mfuko wa maskini uhesabiwe na watu wawili, hata mtunza hazina akiwa mtakatifu.)

"Asiyefanya kazi asile." Paulo aliwasema watu wenye nguvu zao waliokataa kazi wakabaki kujishughulisha na mambo ya wengine. Mjane mgonjwa hayumo. Mistari mitatu mbele, 2 Wathesalonike 3:13, anawaambia ndugu wasikate tamaa katika kutenda mema. Huo sijasikia ukinukuliwa kikaoni.

"Umaskini ni adhabu ya dhambi." Marafiki wa Ayubu walishikilia hivyo, na Mungu akawakasirikia wao. Imekwisha.

"Tusaidie wa kwetu tu." Wagalatia 6:10 inatilia mkazo waaminio, lakini inaanza na watu wote. Mwaka 362 kaisari Juliani wa Roma, mpinzani mkubwa wa Ukristo, alilalamika katika barua kwamba "Wagalilaya", yaani Wakristo, wanawalisha maskini wao na wasio wao. Siku hizi simsikii mpinzani mwenye lalamiko la aina hiyo.

"Picha za wanaopokea msaada huwatia moyo watoaji." Hapa sina subira kabisa. Mathayo 6 inakataza kupiga panda (tarumbeta) mbele yako unapotoa sadaka, na simu siku hizi ndiyo panda. Ukitaka ripoti, andika kiasi kilichotoka, tarehe na sahihi za mashahidi wawili. Sura ya mama wa watu iache.